Mpinzani Anapofariki

Katika siasa za vyama hakuna hotuba ngumu kama taazia ya mpinzani. Msemaji anasimama mbele ya jeneza la mtu aliyekuwa akimwita msaliti, kibaraka au mchochezi, pengine mwaka huohuo, na waliomsikia akiyasema hayo ndio hao waliokaa mbele yake. Familia inataka kufarijiwa. Wafuasi wa marehemu wanapima kila neno. Wafuasi wa msemaji nao wamemkazia macho, wasije wakaambiwa kwamba miaka yote hiyo walikuwa wakigombana bure. Ndani ya dakika chache alizopewa kwenye ratiba ya msiba, anatakiwa aseme jambo la kweli lisilomvunjia heshima maiti wala kumfanya yeye mwenyewe aonekane mnafiki. Wengi hawaliwezi, ndiyo maana hukimbilia yale yale yaliyozoeleka: pengo lisilozibika, mzalendo wa kweli, mpenda amani, mbele yake nyuma yetu.

Taazia hiyo ina mahali pake panapojulikana. Za kwanza kutoka ni salamu za maandishi, ambazo siku hizi huwekwa mitandaoni kabla maiti hajafikishwa nyumbani, na huandikwa na maofisa ambao huenda hawakuwahi kumwona marehemu. Hufuata kitabu cha maombolezo, na picha ya kiongozi ameinama na kalamu mkononi. Kama marehemu alikuwa mbunge na Bunge liko kwenye mkutano, Spika hutoa taarifa, wabunge husimama kimya na kikao huahirishwa. Mwisho ni msibani penyewe, chini ya turubai, mwendesha shughuli anapoita salamu za serikali, za vyama, za dini na za wazee. Hapo itifaki husema kabla ya watu: nani kawekwa safu ya mbele, chama kipi kimeitwa kwanza na kipi kimekumbukwa mwishoni jua likiwa kali, bendera ipi imefunika jeneza, ya taifa au ya chama. Mwandishi wa habari aliyezoea misiba ya wakubwa huyasoma hayo yote kabla mtu hajafungua kinywa.

Desturi nayo huongeza uzito. Kwa Waislamu wa pwani na visiwani, maiti hutajwa kwa mema yake, na mwenye lake la kusema humwachia Mungu. Bara pia, kwa Wakristo na kwa wenye kushika mila, marehemu hasemwi. Ni desturi yenye hekima, kwa kuwa inamlinda mjane na watoto siku ambayo hawana nguvu ya kujibu. Lakini iliwekwa kwa ajili ya jirani, mkwe na mfanyabiashara wa mtaani, watu ambao mabaya yao yanahusu nyumba mbili tatu. Mtu aliyekaa madarakani au akapigania madaraka kwa miaka 40 ana mambo yanayowahusu mamilioni, na mambo hayo hayawezi kuzikwa naye. Ndipo wasemaji wengi hupata njia ya mkato: humsifu mtu na kuukwepa msimamo wake. Husimulia ucheshi wake, uchamungu wake, namna alivyokuwa akiwajulia hali watu wa upande wa pili. Alichokuwa akikidai hakitajwi.

Zanzibar ndiko mahali ambapo jambo hili limekuwa zito kuliko kwingine kokote katika Afrika Mashariki, kwa sababu huko siasa ziliingia mpaka kaburini. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambapo Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, watu walianza kususiana. Mwenye duka wa chama hiki hakumuuzia wa chama kile, wala wa chama kile hakununua kwake. Harusi zilihudhuriwa na nusu ya ndugu. Misikiti iligawanyika, na Pemba hasa palikuwa na vijiji ambavyo mtu akifiwa, majirani wa chama kingine hawakwenda kuchimba kaburi, kusalia jeneza wala kukaa matanga. Anayeijua jamii ya visiwani anaelewa hilo maana yake nini. Kukosa harusi ya jirani ni uhasama, kukosa maziko yake ni kumtoa katika umma. Miafaka miwili ya CCM na CUF, wa Juni 1999 na wa Oktoba 2001, haikuuponya ususiaji huo. Kati yake yalitokea mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, yaliyoondoa roho za watu zaidi ya 30 na kuwakimbiza wengine wengi kwa majahazi hadi Shimoni, Kenya. Nafuu ilikuja tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walipokutana Ikulu ya Zanzibar. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4, na watu wakaanza tena kuzikana.

Haikudumu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF wakaususia. Miezi mitano baadaye, tarehe 14 Agosti 2016, akafariki Alhaji Aboud Jumbe, rais wa pili wa Zanzibar. Msiba wake uliwakutanisha watu ambao hawakuwa wakikutana. Dk. Ali Mohamed Shein, rais aliyetangazwa mshindi wa uchaguzi wa marudio, alimnyooshea mkono Maalim Seif. Maalim hakuupokea.

Tukio hilo la sekunde chache lilizungumzwa kuliko hotuba zote za siku ile. Kwa wengi lilikuwa utovu wa adabu, kwa kuwa msibani ugomvi huwekwa kando, na Rais John Magufuli alipokwenda Zanzibar mwezi uliofuata alimsifu Shein hadharani kwa uvumilivu wake. Kwa wafuasi wa Maalim lilikuwa jambo la lazima: mkono ule, mbele ya kamera, ungesomwa kuwa ni kuutambua uchaguzi ambao wao hawakuutambua. Wote wawili wana hoja. Lakini lililosahauliwa ni aliyekuwa akizikwa. Jumbe aliondolewa madarakani Januari 1984 na chama chake mwenyewe, kwa kosa la kutaka muundo wa serikali tatu katika Muungano, na Seif, wakati huo kijana anayepanda ndani ya CCM, alikuwa katika kundi lililopingana naye. Anguko la Jumbe ndilo lililomfungulia Seif njia ya kuwa Waziri Kiongozi mwezi uliofuata. Miaka 30 baadaye, kwenye Bunge Maalum la Katiba, chama cha Seif kilikuwa mstari wa mbele kutetea serikali tatu zilezile zilizomponza Jumbe. Kwa hiyo mtu yuleyule, katika msiba uleule, alimpa heshima ya mwisho mpinzani wake wa zamani na akamnyima mkono wa sasa. Cha kwanza kilikuwa taazia nzito kuliko maneno, ingawa kilichozungumzwa ni cha pili.

Maisha ya Maalim Seif yanafaa kutazamwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu kifo chake mwenyewe ndicho kielelezo kikubwa cha taazia ya mpinzani katika siasa za Kiswahili. Alizaliwa Mtambwe, Pemba, mwaka 1943. Alifundisha shule, na jina la Maalim likamganda. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Waziri wa Elimu wa Zanzibar, kisha Waziri Kiongozi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1984. Mwaka 1988 aliondolewa madarakani na kufukuzwa CCM pamoja na wenzake. Mwaka 1989 alikamatwa, akashtakiwa kwa kupatikana na nyaraka za serikali, akakaa rumande zaidi ya miaka miwili hadi Novemba 1991. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waasisi wa CUF. Aligombea urais wa Zanzibar mara sita: 1995, 2000, 2005, 2010, 2015 na 2020, hiyo ya mwisho kwa tiketi ya ACT-Wazalendo baada ya mgogoro wa CUF kumtoa huko mwaka 2019. Hakuwahi kutangazwa mshindi. Mwaka 2010 alipitwa na Shein kwa asilimia 1 tu.

Uchaguzi wa mwisho ndio uliokuwa mchungu zaidi. Tarehe 27 Oktoba 2020, siku ya kura ya mapema, alikamatwa na polisi akiwa kituoni. Matokeo yalimpa asilimia 19.87, dhidi ya asilimia 76.27 za Dk. Hussein Mwinyi. Chama chake kilisema watu wameuawa na kupigwa, na waliokuwa tayari kusikia habari za Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya ACT walikuwa wachache. Pamoja na hayo, tarehe 8 Desemba aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Aliyemwapisha ni mtoto wa rais yule aliyempa Uwaziri Kiongozi mwaka 1984. Alikaa ofisini siku 71. Mwishoni mwa Januari 2021 ACT-Wazalendo walitangaza kwamba Maalim na mkewe wameambukizwa korona, katika nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo tangu mwaka uliotangulia. Tarehe 17 Februari alifariki katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, akiwa na miaka 77.

Rais Mwinyi ndiye aliyelitangazia taifa kifo hicho, na alitangaza siku 7 za maombolezo. Salamu zilitoka kila upande: Ikulu mbili, vyama, mabalozi, viongozi wa dini. Alizikwa kwao Mtambwe. Katika salamu nyingi za upande wa serikali na CCM, Maalim alikuwa mtu wa maridhiano, mpenda amani, mwanasiasa aliyetanguliza umoja wa Wazanzibari mbele ya chama chake. Hakuna uongo katika hayo. Mtu aliyekubali mkono wa Karume mwaka 2009, na akakubali kiapo wiki sita baada ya kukamatwa kituoni, anastahili kuitwa hivyo.

Lakini picha hiyo ilikuwa nusu. Maridhiano hayakuwa shabaha ya maisha yake, yalikuwa njia. Alichokitaka kwa miaka 30 ni kura inayohesabiwa na Zanzibar yenye mamlaka zaidi ndani ya Muungano. Alikuwa tayari kususia Baraza la Wawakilishi, kuzunguka Ulaya na Marekani akiishtaki serikali yake, na kuwaambia wafuasi wake wasimtambue rais. Ukimsifu kwa mkono alioupokea na usiseme kwa nini mwingine aliukataa, umemgeuza kuwa mzee mpole aliyekuwa akipitapita Ikulu kunywa kahawa. Siasa zake zimetolewa, umebaki utu wake. Huo ni unyang'anyi wa namna yake, na unauma zaidi kwa kuwa unafanywa kwa sauti ya upole, mbele ya watu wasioweza kunyanyuka na kubisha. Taazia yenye uzito ingeweza kusema mambo mawili kwa pamoja: kwamba serikali iliyokuwa ikimuaga ndiyo iliyomfunga, na kwamba hata hivyo alirudi mezani. Sifa ya pili haina maana bila ukweli wa kwanza. Ukubwa wa mtu aliyesamehe haupimiki kama kilichosamehewa hakitajwi.

Wasemaji wa upinzani nao hawakosi kasoro hii wanapoaga mtu wa chama tawala. Samuel Sitta, aliyefariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016, ni mfano mzuri kwa sababu upinzani ulikuwa na deni kwake na kinyongo naye kwa wakati mmoja. Akiwa Spika kati ya 2005 na 2010, kwa kaulimbiu yake ya kasi na viwango, aliliachia Bunge lifanye kazi ambayo Mabunge mengi ya chama kimoja na ya vyama vingi hayakuwahi kuifanya. Kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, ilisababisha Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Wabunge wa upinzani, wachache na vijana, walipata nafasi ya kusema. Mwaka 2010 chama chake hakikumrudisha kwenye kiti. Kisha mwaka 2014 Sitta huyohuyo akawa mwenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka ukumbini, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa mwezi Oktoba bila wao, bila mambo mengi yaliyokuwamo katika rasimu ya Tume ya Jaji Joseph Warioba.

Taazia ya Sitta kutoka upinzani, ikiwa ya haki, ilihitaji Sitta wote wawili. Rahisi ilikuwa kumchukua wa 2008 na kumwacha wa 2014. Ilikuwa rahisi pia, kwa waliokuwa na hasira, kufanya kinyume chake. Kumweka mtu mzima pale mbele, Spika aliyefungua mlango na mwenyekiti aliyeufunga, hakumdhalilishi. Kunamrudishia uzito wake, maana ni watu waliofanya mambo makubwa tu wanaoweza kudaiwa na kushukuriwa katika sentensi moja.

Kwa Lowassa mambo yalikwenda kwa namna ambayo mwandishi wa tamthilia angeogopa kuibuni. Mwaka 2007 Chadema walimtaja hadharani katika orodha yao ya mafisadi. Mwaka 2015 walimfanya mgombea wao wa urais chini ya Ukawa, na akapata asilimia 39.97 ya kura. Mwaka 2019 alirudi CCM, na Februari 2024 alipofariki alizikwa Monduli akiwa mwanachama wa chama alichoanzia. Kila upande ulikuwa umeshamsifu na kumlaani akiwa hai, kwa hiyo hapakuwa na mpinzani wa kumuaga wala mwenzake wa kumlilia peke yake.

Kenya wana mazoea mengine, ambayo yamejengwa na miungano inayovunjika na kuungwa upya kila uchaguzi. Raila Odinga ndiye aliyesema Kibaki Tosha Oktoba 2002 na kumkabidhi Mwai Kibaki kura za upande wake. Waliachana katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 2005, wakagombana katika uchaguzi wa Desemba 2007 uliofuatiwa na vifo vya watu zaidi ya 1,100, na tarehe 28 Februari 2008 wakatia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan nje ya Harambee House. Serikali ya nusu mkate ikafuata, mmoja rais na mwingine waziri mkuu, na ndiyo iliyoleta katiba mpya ya Agosti 2010. Kibaki alipofariki Aprili 2022, Raila alikuwa miongoni mwa waliomsifu. Sifa zake zilikuwa na uzito kwa sababu kila Mkenya aliyekuwa akisikiliza alikuwa na historia hiyo kichwani. Kulikuwa na mkataba, kulikuwa na ofisi mbili, kulikuwa na katiba. Hata kama msemaji hakuutaja ugomvi, ushahidi wake ulikuwa umesimama.

Raila mwenyewe alipofariki nchini India tarehe 15 Oktoba 2025, aliyemuaga kwa niaba ya taifa alikuwa William Ruto, aliyekuwa mwenzake ndani ya chama cha ODM mwaka 2007 na mshindani wake katika chaguzi tatu zilizofanyika baada ya 2010. Raila alipewa mazishi ya kitaifa na siku 7 za maombolezo, akazikwa Bondo. Miezi 7 kabla, Machi mwaka huo, wawili hao walikuwa wametia sahihi makubaliano ya vyama vyao kufanya kazi pamoja. Hivyo Ruto hakumzika mpinzani, alimzika mshirika. Kazi ngumu zaidi iliwaangukia wengine, wale waliokuwa wakimlaumu Raila kwa makubaliano hayo hayo, ambao walitakiwa wamlilie mtu waliyekuwa wakisema amewatupa. Wengi walifanya kile kilicho rahisi: walimlilia Raila wa zamani, wa kizuizini na wa maandamano, na yule wa Machi wakamwacha.

Kuna pia wanaokataa kutoa taazia. Magufuli alipofariki Machi 2021, mwezi mmoja kamili baada ya Maalim Seif, Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo alimpigia simu Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, na kumpa pole. Tundu Lissu wa Chadema, aliyekuwa Ubelgiji, hakumsifu marehemu na alisema waziwazi kwa nini. Huyu ni mtu aliyepigwa risasi 16 mjini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Lissu alilaumiwa sana kwa kukosa utu. Lakini kumdai mtu wa namna hiyo sifa za msibani ni kumdai kitu ambacho desturi yenyewe haidai. Desturi inamtaka mtu asimseme maiti, haimlazimishi amsifu. Kama Lissu alikosea, kosa lake lilikuwa kusema mapema, kabla ya maziko. Halikuwa katika kukataa kusifu. Pole ni haki ya wafiwa, na inaweza kutolewa na yeyote. Sifa ni hukumu, na hakimu hapangiwi.

Nje ya Afrika Mashariki mfano unaotajwa mara kwa mara ni wa Seneta John McCain wa Marekani, aliyefariki Agosti 2018. Akiwa mgonjwa aliwaomba watu wawili waliomshinda wazungumze katika maziko yake: George W. Bush, aliyembwaga katika kinyang'anyiro cha ndani ya chama mwaka 2000, na Barack Obama wa chama cha Democratic, aliyemshinda urais mwaka 2008. Wote wawili walizungumza katika kanisa kuu la Washington. Mpango huo ulimwondolea kila msemaji mzigo wa unafiki, kwa kuwa aliyewaalika alijua watakachoweza kusema na wasichoweza. Obama hakuficha kwamba walitofautiana. Alikumbusha siku ile ya kampeni ambapo McCain, mbele ya mkutano wake mwenyewe, alimkatiza mfuasi aliyekuwa akimsingizia Obama. Hapo palikuwa na kitu cha kusifu ambacho kilitokea ndani ya ugomvi, si nje yake. Wazee wetu wa siasa hawana mazoea ya kuandika wosia wa namna hiyo, na ni hasara, kwa kuwa marehemu ndiye pekee mwenye haki ya kumchagua mpinzani wa kumsema.

Limebaki jambo ambalo hotuba hazilifikii: kiti cha marehemu. Kufa kufaana, na katika siasa za vyama kinachobaki nyuma ya mbunge ni jimbo. Uingereza, baada ya mbunge wa Labour Jo Cox kuuawa Juni 2016, vyama vikubwa vilivyobaki havikusimamisha wagombea katika jimbo lake la Batley and Spen. Labour nao hawakusimamisha mgombea alipouawa David Amess wa Conservative mwaka 2021. Hiyo haikuwa sheria, ilikuwa hiari iliyotokana na namna vifo hivyo vilivyotokea. Isingefaa kuwa kanuni ya kila msiba, kwa sababu jimbo ni mali ya wapiga kura. Inatosha kwamba anayelililia jeneza asinyooshe mkono wa pili kwenye sanduku la kura.

Zanzibar sehemu moja ya jambo hilo imeandikwa katika Katiba. Nafasi ya Makamu wa Kwanza ni ya chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi, hivyo Maalim alipofariki haikurudi kwa Rais aitoe kwa amtakaye. ACT-Wazalendo walipendekeza jina, na Othman Masoud Othman aliapishwa mapema Machi 2021. Huyu ndiye aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar na akapoteza wadhifa huo mwaka 2014 baada ya kupiga kura ya kupinga baadhi ya vifungu vya Katiba Inayopendekezwa. Uteuzi wake ulisema kuhusu siasa za Maalim kile ambacho salamu za Februari zilikikwepa.

Sehemu nyingine haikuandikwa popote, na ilijaribiwa mwaka huohuo. Tarehe 20 Mei 2021 alifariki Khatib Said Haji, mbunge wa ACT-Wazalendo wa Konde, Pemba, wakati Bunge likiwa kwenye mkutano wa bajeti. Alikuwa mzungumzaji mwenye utani, aliyewachekesha hata wale aliokuwa akiwachapa, na wabunge wa CCM walimlilia kama wa kwao. Miezi miwili baadaye, katika uchaguzi mdogo wa Julai, mgombea wa CCM alitangazwa mshindi wa Konde, ngome ya upinzani tangu vyama vingi viliporudi. ACT walisema kura zimeibwa, na serikali ya umoja ikatikisika. Mwezi Agosti, kabla ya kuapishwa, mshindi huyo alijiuzulu akieleza matatizo ya kifamilia. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 9 Oktoba 2021, na ACT-Wazalendo wakakichukua kiti.